Nimechora mabango ya saluni hadi uzeeni, kumbe sikujua kuchora mtu mweusi

Wakuu, nawasalimu kutoka Tunduma, ambako leo upepo umeleta vumbi hadi ndani ya kikombe changu cha chai. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Sina sababu ya kuongeza chumvi, maana ninachosimulia kipo ukutani hapa mtaani Chapwa na kila anayepita anakiona.

Mimi ni mchora mabango. Vijana siku hizi wanasema frilansa. Sisi tulisema fundi tu, leo una oda, kesho huna.

Nilimaliza kidato cha nne, nikajifunza brashi kwa fundi mmoja Mbeya, nikarudi mpakani. Nimechora bucha, gereji, mabodi ya malori, na zaidi ya yote saluni.

Halafu zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki. Oda zikakauka. Mwanangu anauza spea za pikipiki Mkwajuni, na kila akipiga simu ananiambia, "Baba, njoo ukae dukani, hizo brashi zimeshakufa." Moyoni nilikuwa nimeshakubali. Nikajisemea, oda inayofuata ikiharibika, nafunga mizigo.

Ndipo akaja Debora, binti aliyekuwa akisukia wateja nyumbani, sasa anafungua saluni Chapwa. Bango la plastiki hakulitaka, alisema jua linalifubaza na upepo unalichana. Alitaka ukuta mzima, wanawake wanne wa hapa hapa, wamesukwa twende kilioni, mabutu, yeboyebo.

Nikafanya kama nilivyozoea.

Hapa nieleze kidogo. Katika kazi yetu kuna kitu tulichokiita "rangi ya mtu". Unachukua rangi ya krimu, unatia kahawia kidogo, unakoroga. Ndivyo nilivyofundishwa. Sura zenyewe tulizinakili kutoka kwenye maboksi ya dawa za kulainisha nywele. Sikuwahi kujiuliza huyo mtu ni nani.

Debora akaja kuangalia. Akazipitia sura moja moja.

"Babu, hawa ni akina nani?"

"Wateja wako, mwanangu."

"Wateja wangu nawajua hadi visogo. Hawa sijawahi kuwasuka."

Ndani alikuwepo mama mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kichwa kimesukwa nusu. Akatoka na kitana kimechomekwa kwenye nywele.

"Bashikulu," akaniita, ndivyo wenzetu wanavyomwita babu, "hawa wamevuka mpaka kwa pasi ya wapi?"

Vijana wa bodaboda wa kijiwe cha jirani wakacheka hadi wakashika matangi ya pikipiki. Nikacheka nao, huku nikiificha brashi nyuma ya mgongo.

Debora akasema kwa upole, na upole ndio uliouma, "Babu, nakuheshimu. Ila Jumamosi nafungua. Ikishindikana, Ijumaa namwita wa plastiki."

Nikafungua kopo la rangi nyeusi, nikaongeza kwenye ile ile rangi ya mtu. Wakawa kama watu waliopakwa majivu. Ukitia nyeusi kwenye krimu unapata kijivu, hata mwanafunzi wa siku ya kwanza anajua, na bado niliendelea kutia. Sikuwa na njia nyingine. Mzee mzima, mweusi kama sufuria, sijui kuchora mtu mweusi.

Jioni nikaingia humu jukwaani kujisahaulisha. Nikakuta uzi wa zamani wa mwanachama mmoja aliyebandika picha za kazi za wachoraji weusi, wa Afrika Magharibi, wa Brazili, wa Marekani. Aliuliza swali moja tu: mnaona nini? Wengi mlimjibu kwa utani.

Mimi nilizikuza kwa vidole hadi simu ikapata moto.

Shavu la mama mmoja lilikuwa la buluu. Buluu kabisa! Shingoni kulikuwa na wekundu kama wa kahawa iliyoiva mtini. Ukiirudisha picha iwe ndogo, unaona mwanamke mweusi, anang'aa, unadhani ataanza kuongea. Nyeupe hakuna. Nyeusi tupu pia hakuna.

Asubuhi nikamkuta mke wangu, Mama Tumaini, amekaa nje anachambua maharage. Ni mtu wa Hasamba, mweusi hasa. Nikamwangalia kwa macho ya kazi. Juu ya shavu kulikuwa na rangi ya mbingu. Jua lilipopita sikioni, palikuwa pekundu kama kaa la moto.

"Mbona unanikodolea macho? Nina uchafu?"

"Kaa hivyo hivyo, nataka kukuchora."

"Ulishanichora."

Kweli. Tulipooana nilimchora kwenye ukuta wa kibanda changu, kwa rangi ya mtu, nikajisifu mtaa mzima.

"Ulichora mwanamke mwingine ukamvika kilemba changu," akasema, mikono haiachi maharage. "Kila aliyepita akamsifia. Nikajua ndivyo unavyotaka niwe. Unadhani mkorogo nilianza kujipaka kwa ajili ya nani?"

Wakuu, mkorogo ule ulimuunguza mashavu. Wakati ule nilimgombeza, nikamwita mshamba mbele ya watoto. Aliacha mwenyewe, ngozi ikapona taratibu. Sikuwahi kujua kwamba chanzo kilikuwa ukuta wangu.

Nilimwomba msamaha pale pale. Aligeuza tu kigoda kuelekea jua.

Nikafunga kopo la krimu. Nikachukua ile nyekundu ya mabati, buluu iliyobaki kwenye kazi ya lori, njano na kahawia. Nikajaribu kwenye ubao, nikafuta, nikajaribu tena, hadi Mama Tumaini akaanza kulalamika kwamba maharage yamekwisha na hana tena cha kuchambua.

Ijumaa Debora alikuta wanawake wanne wapya ukutani. Akamsogelea mmoja, akataka kumgusa, nikamkataza, rangi mbichi.

"Babu, huyu si shangazi yangu?"

Mama wa Nakonde naye akatokeza. "Bashikulu, hawa sasa hata pasi hawaombwi."

Nikakaa juu ya ndoo ya rangi.

Jumamosi Mama Tumaini alivaa kitenge chake cha kutokea, akaja. Akasimama mbele ya yule wa nne. Akamkagua kuanzia nywele hadi shingo.

"Shingo umeikosea," akasema. "Mimi nina mikunjo zaidi ya hiyo."

"Nitaongeza."

"Ongeza." Kisha akavua kilemba, akaingia ndani. "Debora, nisuke kama huyo wa mwisho."

Mwanangu nimemwambia duka alilinde mwenyewe. Saluni nyingine imeshaniita.

Nilichojifunza ni kwamba mkono wangu ulikuwa mzima siku zote. Nilikuwa natazama maboksi ya dawa huku niliyepaswa kumtazama amekaa mlangoni kwangu. Kosa ni langu, simsukumii aliyenifundisha.

Mafundi wenzangu mliomo humu, ngozi yetu mnaichanganyaje? Leteni hapa, na mnaotaka kunisema semeni, nastahili.

Na wewe uliyebandika zile picha ukauliza tunaona nini, nimechelewa kujibu. Namwona mke wangu.