Panda Nayo Kibumba Kwanza

Saa kumi na mbili na dakika kumi za asubuhi, Jumamosi moja ambayo naikumbuka kama ya jana, simu yangu iliita nikiwa uani kwetu Ndosho, napiga mswaki. Alikuwa Papa Amisi wa Majengo, dereva mstaafu wa malori ya Butembo, mzee wa sauti nzito na maneno machache.

"Kambale, gari ingali imelala. Kuja sasa. Sitaiwasha mupaka ufike."

Nikatema povu na kumwita mke wangu Masika. Naye akapiga kigelegele kilichoamsha ua mzima.

Mwanangu, ili uelewe kigelegele kile, ni lazima ujue tulikuwa tunatafuta nini. Masika ni fundi cherehani, na miaka ile alikuwa akishona sare za shule. Mimi nilikuwa nakata vitambaa na kutafuta wateja. Kila mwanzo wa mwaka wa shule tulipakia cherehani mbili juu ya lori la watu, tukazunguka masoko ya barabara ya Rutshuru, tukilala kwa jamaa, na wakati mwingine chini ya turubai. Mvua ilinyesha juu ya vitambaa. Ndipo tukasikia kwamba Papa Amisi anauza gari-nyumba. Wasafiri wawili kutoka ng'ambo walilileta, wakachoka na barabara zetu, wakamwachia kwa bei ndogo na kurudi kwao kwa ndege. Lilikuwa na kitanda, jiko la gesi, beseni ya kunawia yenye bomba lake, na meza ya kukunjwa. Masika alikuwa ameipima meza ile kwa macho mara moja tu, na kwa siku nyingi hakuzungumza jambo jingine. Cherehani ingekaa pale sawasawa.

Bei ilikuwa dola elfu nane. Zamu ya Masika katika likelemba, upatu wao wa wanawake, ilikuwa imefika, na kilichopungua tulikipata kwa kuuza kiwanja tulichotaka kujengea. Naomba ulishike neno hilo. Kama gari lingekufa njiani, tusingekuwa na kiwanja wala gari, na zamu nyingine ya likelemba ilikuwa mbali sana.

Hatukwenda wawili. Kwetu jambo kubwa haliendewi kimya kimya. Mama mkwe alikuja, wanawake wa likelemba walikuja wakiwa na vitenge vya Jumapili, kwa sababu jasho lao nalo lilikuwa ndani ya bahasha ile. Mtu angetuona angedhani tunakwenda kuposa.

Gari lilikuwa limesimama juu ya mawe meusi ya uwanja wa Papa Amisi, jeupe, limeoshwa, lina mapazia ya bluu. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na kwetu lilikuwa jipya hata kama lilikuwa kuukuu. Wanawake waliingia wote. Walifungua kabati, wakafunga, wakafungua tena. Mmoja alilala kitandani na viatu vyake, akaulizwa kama anataka kulipa kodi. Masika alitoa futi yake ya ushonaji, akapima meza, akanionyesha dole gumba huku macho yanameremeta. Mimi, ambaye kwa miezi nilikuwa nimesoma vitabu vikuukuu vya magari, vya Kifaransa, nilivyonunua kando ya njia, nikikariri jina la kila sehemu ya injini, mimi nilikuwa nafungua bomba la beseni na kulifunga, nikicheka peke yangu. Yote niliyosoma yaliruka kama njiwa. Tulikuwa tumesikia kwamba mchana atafika mnunuzi wa Bukavu. Basi nikatoa bahasha.

Papa Amisi hakuipokea. Alikaa juu ya jiwe lake, ameshika kikombe cha chai.

"Weka hiyo mu mufuko," alisema. "Pesa ikisha kupita mukono, masikio inafungika. Munatafuta kitanda? Vitanda viko kwenu Ndosho, bei nzuri, na haviombe mazutu."

Wanawake walicheka, kwani kitanda hakinywi dizeli. Mimi nilihisi masikio yangu yanawaka moto.

"Mumefungua milango yote ya hii gari, Kambale. Kumebaki mumoja tu. Ule wa mbele."

"Lakini Papa," nikamjibu, "wewe ndiye unauza. Mbona unanizuia?"

"Kwetu, mutu akificha kilema cha kitu anachouza, baraka inatoka. Na mimi kilema cha hii sikijui. Tangu niinunue, inazunguka tu hapa mujini, haijaona mulima. Basi tukitafute pamoja, mbele ya pesa, si nyuma yake."

Mwanangu, nimekaripiwa mara nyingi maishani, na babangu, na walimu, na maaskari wa barabarani. Karipio lile ndilo la pekee lililotoka kwa mtu ambaye lingemgharimu pesa zake mwenyewe. Ndiyo maana nililisikia.

Aliniambia niweke kiganja juu ya kapo, kile kifuniko cha injini. Chuma kilikuwa baridi kama mawe tuliyokanyaga. Hiyo ndiyo sababu ya simu yake ya alfajiri. Injini, sisi tunaiita motere, ikiwashwa kabla ya mnunuzi kufika, inaficha uvivu wake wote, kama mtu aliyelala hadi saa nne halafu akanawa uso akisikia hodi. Ukifika ukaikuta ina joto, shukuru kwa adabu, urudi kesho bila kutangaza saa.

Akafungua kapo. Alichomoa kijiti cha kupimia mafuta ya motere, akamwita Masika alete kipande cheupe cha kitambaa. Mafuta yalikuwa meusi, nami nikaogopa. Yeye akasema motere ya mazutu huyafanya meusi mapema, weusi pekee si ugonjwa. Tunachotafuta ni chengachenga za chuma, na rangi ya maziwa, ishara kwamba maji yamechanganyika na mafuta. Masika akayasugua katikati ya vidole viwili, jinsi anavyopima uzi wa kitambaa sokoni.

"Ni laini," akasema. "Hakuna kitu kinakwaruza."

Chini ya kifuniko cha mafuta hakukuwa na utando mweupe wa maziwa. Vizuri. Akatazama chupa ya maji ya kupozea. Maji yalikuwa safi, hayakuwa na kutu, ila yalikuwa chini kidogo ya alama. Papa Amisi akaigonga chupa kwa kidole. "Imepunguka," akasema. "Tutaona." Akaongeza maji mpaka kwenye alama, akafunga.

Ndipo akawasha. Motere ilishika mara ya kwanza! Vigelegele vilipanda mpaka majirani wakachungulia juu ya ukuta. Papa Amisi akanivuta nyuma, kwenye bomba la moshi. Moshi mweupe kidogo ulitoka, ule wa baridi ya asubuhi, ukatoweka. Angeuona wa bluu, alisema, angejua motere inakunywa mafuta yake yenyewe. Mweusi mzito ungesema mazutu haichomeki sawa. Akarudi mbele, akafungua kifuniko cha mafuta huku motere inanguruma, akakiweka juu chini juu ya tundu lake. Kilitetemeka tu. Kingerukaruka na kuanguka, ingekuwa ishara kwamba pumzi ya moto inapenya chini, na motere imechoka ndani.

Nilikuwa nataka kurukaruka mimi. Kila jaribio lilijibu vizuri! Mkono wangu ukaenda tena kwenye bahasha.

"Bado," akasema. "Hapa motere iko mu likizo. Uipe kazi. Jaza tangi ya maji yote, pakia cherehani zako, pakia hawa wamama. Uipime na muzigo utakaoishi nayo. Tunapanda mulima mupaka Kibumba."

Tukapitia Ndosho kuchukua cherehani. Ah, safari ile! Yeye kwenye usukani, mimi kando yake, nyuma wanawake wamejaa kama viazi katika gunia. Tulipoacha nyumba za mwisho, wakaanza nyimbo za kanisa, makofi juu ya meza, vikombe vikigongana kabatini. Vijana wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, waliokuwa wakishuka na kabichi walitupungia mikono. Mlima ulianza, baridi ikaingia dirishani, na mimi, ambaye sauti yangu haijawahi kusifiwa na mtu, niliimba kuliko wote. Nilijiona tayari nimekaa mlangoni pa gari langu huko Rutshuru, Masika anashona ndani, mvua inanyesha nje, nasi hatuna habari nayo.

Waliotutangulia walisema penye wengi hapaharibiki neno. Ni kweli. Ila siku ile kulikuwa na neno moja likisemwa chini ya miguu yetu, na kwa wingi wetu hakuna aliyelisikia.

"Nyamazeni!" alisema Papa Amisi.

Wimbo ulikatika. Mama mkwe wangu hakupendezwa. "Muzee, unakataza watu kusifu Mungu?"

"Sikatazi, mama. Ninasogeza tu wimbo mupaka tufike juu. Mungu anasikia hata mukiimba mu roho. Mimi motere naisikia na masikio."

Tukakaa kimya. Motere yenyewe ilikuwa inavuta vizuri, sauti moja, bila kugonga. Lakini chini ya dashibodi, mbele ya magoti yangu, kulikuwa na mlio mdogo. Ulikuwa kama sufuria ya maharagwe inayoanza kuchemka: bukubuku, bukubuku, kimya, bukubuku. Nikatazama mshale wa joto. Mjini ulikuwa umekaa katikati, ukatulia. Sasa ulikuwa umepita katikati, unasogea.

Papa Amisi hakuzima. Alipunguza mwendo, akapanda taratibu mpaka Kibumba, akaegesha mahali tambarare, akaacha motere ikinguruma, akafungua kapo. Nikanyoosha mkono kwenye kifuniko cha maji, naye akanipiga kofi vidoleni. Maji ya moto yakifunguliwa hurukia usoni. Usisahau hilo hata kama utasahau mengine yote. Akanionyesha chupa kwa ubavu. Ndani, mapovu yalikuwa yanapanda moja baada ya jingine bila kukoma. Akaniambia niguse mpira wa maji kwa kitambaa. Ulikuwa mgumu kama ubao.

"Jointi," alisema polepole. "Ile kipande chembamba inatenganisha maji na moto. Imepasuka mahali. Mu muji haiseme kitu. Mulima ndio umeisemesha."

Mficha maradhi, kilio humfichua. Kwa watu, kilio hutoka nyumbani. Kwa gari, kilio hutoka mlimani, mbali na fundi, na wewe umeshalipa.

Masika alikaa juu ya jiwe la kando ya njia. "Kiwanja chetu," alisema tu. Wanawake waliokuwa wanaimba hawakujua waweke wapi mikono yao. Nilimtazama Papa Amisi, kwa sababu uso wake nao ulikuwa umeanguka. Gari lile lilikuwa akiba yake ya uzee, na kilema chake tulikuwa tumekiona sote. Nikasema, "Basi, Papa, tushuke. Tumeshukuru."

"Unakwenda wapi?" akaniuliza. "Sasa ndiyo tunaanza kununua."

Akatueleza, naye alikuwa anachangamka kadiri anavyosema. Mafuta safi. Moshi safi. Pumzi haipenyi. Inavuta mulima na wamama wote hawa, na hakuna hata mmoja aliye mwembamba. Hapo wakapiga kelele, wakacheka, na Masika akainua kichwa. Ugonjwa ni mmoja, una jina, na una dawa. Tuliizima motere, tukala viazi vya kuchoma mpaka ikapoa, tukaongeza maji, tukaiwasha tena. Ilishika mara moja. Hata hilo lilikuwa jaribio, alisema, kwa kuwa ziko motere zinazoamka vizuri asubuhi na kukataa kuamka zikiwa na joto, nazo hukuacha sokoni.

Bei ilizungumzwa palepale, mbele ya watu wa Kibumba waliokuja kuangalia nyumba yenye magurudumu. Mama mkwe ndiye aliyepigana zaidi.

"Muzee, ulitukatia wimbo katikati. Na hiyo uilipe."

"Elfu tano na mia tano, mama," alisema Papa Amisi, "na mushuke mukiimba mupaka muchoke."

Walishuka wakiimba. Yeye alishuka polepole, jicho kwenye mshale. Gari lilikwenda moja kwa moja kwenye garaji ya Ndosho tuliyoichagua sisi, kwa shauri lake. Mnunuzi achague fundi mwenyewe, alisema, hata kama muuzaji ni babake. Fundi alifungua, akakuta jointi imeungua mahali alipotarajia, akanyoosha kichwa cha motere, akaweka mpya. Alhamisi tukapanda Kibumba tena, na mzigo uleule. Mshale ulikaa katikati, haukutikisika! Kimya kile ndani ya gari, mwanangu, kilikuwa kitamu kuliko wimbo wowote. Msimu ule tulilala Rutshuru ndani ya nyumba yetu, na vitambaa vikavu.

Basi shika haya. Furaha si kosa, usije ukafikiri nakufundisha kununa. Nenda na ndugu zako, pigeni vigelegele, laleni kitandani kama muuzaji anaruhusu. Lakini kitanda hakikupeleki popote, na anayeogopa kufungua kapo la mwenzake kwa aibu atalifungua kwa machozi njiani. Ikute motere ingali baridi. Gusa mafuta yake, tazama maji yake, soma moshi wake, halafu uipandishe mlima na uzito wote utakaoubeba maishani, na mahali mlima unapokaza, waambie watu wako wanyamaze, wewe usikilize. Ukipata kilema, usikimbie kabla hujakijua jina, na usilipe kabla hujakijua bei. Na siku utakayouza wewe, mtafutie mnunuzi kilema kabla hajakuomba. Hujui ni kiwanja cha nani kilichomo ndani ya bahasha yake.

Mungu akupe njia kavu na breki zinazotii. Akukutanishe na muuzaji anayemwogopa, na kama hatakukutanisha naye, akupe masikio kama ya Papa Amisi. Sisi tuliombwa dola elfu nane, tukamlipa Papa Amisi elfu tano na mia tano, fundi elfu moja na mia mbili, na zilizobaki mkononi mwa Masika, taslimu, zilikuwa dola elfu moja na mia tatu.