Mnyororo wa Chini

Wanaume wa zizi lile la farasi walisema mwanamke hawezi kuwa saisi. Mimi nilikuwa saisi. Miaka ya elfu mbili ilipoanza nilikuwa nikitoka Kangemi kwa miguu kila asubuhi kwenda kutunza farasi wa watu, na sikuomba ruhusa ya mwanamume yeyote.

Poni wa chumba cha mwisho, farasi wa kimo kifupi, alikuwa mkali. Alifungiwa nyuma ya mlango wa mbao mchana kutwa, akiyumba kushoto, kulia, hata kwato zikachimba sakafu. Alipomuuma mtoto mmoja aliyekuja kujifunza kupanda, mwenye zizi, mama asiyependa maneno mengi, alisema akirudia ataondolewa. Nilijua poni wa namna hiyo huishia wapi. Nilikasirika sana. Ningefungiwa hivyo, hata mimi ningeuma.

Siku yangu ya mapumziko nikaenda duka la vyuma kule mjini, River Road, kutafuta mnyororo.

"Ni ya mbwa?" muuzaji akauliza.

"Ya farasi."

"Farasi, River Road? Si uongee ukweli, madam."

Niliuvisha kipande cha mpira wa maji usimchubue kifua, nikaufunga kukingama mlangoni, na mlango wenyewe nikauacha wazi ili aone watu. Ncha moja niliishikiza kwa uzi wa katani, ukatike akishtuka. Lakini haraka haraka haina baraka. Niliufunga kimo cha farasi, usawa wa kifua changu. Poni akainamisha kichwa, akapita chini yake, akaenda kula maua ya mwenye zizi. Wanaume walicheka wiki nzima. Wacheke. Nilifunga wa pili, usawa wa mapaja.

Mwezi haukuisha kabla hajaacha kuyumba. Watoto wakaanza kumshika pua.

Msimamizi wetu hakupenda. Asubuhi moja nilimkuta ameifungua minyororo yote miwili, ameishika mkononi.

"Hii mlango itafungwa," akasema. "Hapa si kwa mama yako."

"Haitafungwa, mzee."

"Basi enda nyumbani."

"Nitaenda. Na bado haitafungwa."

Nikasimama mlangoni, mikono yangu nimeinyoosha kutoka mwimo hadi mwimo. Nyuma yangu poni akasogea, akaweka kidevu begani mwangu. Sitadanganya, niliyaogopa yale meno. Lakini sikuondoka, naye hakuuma. Tulisimama hivyo mpaka saa nne, mwenye zizi alipokuja.

"Unafanya nini hapo?"

"Leo mimi ndio mnyororo, madam."

Alimtazama poni, aliyekuwa anasinzia begani mwangu. Kisha akatazama mkono wa msimamizi.

"Mrudishie."

Msimamizi akaninyooshea minyororo. Sikuipokea. Mikono yangu ilikuwa na kazi.

"Funga wewe, mzee," nikamwambia. "Anza na ya chini."