Honi Iliyonyamaza Getini

Mtaani walimwita Honi. Alikuwa dereva wa teksi, na kila jioni akifika getini alipiga honi mara mbili: ya kwanza kumwita mkewe, ya pili, alisema, kuwaomba radhi majirani kwa ile ya kwanza. Kisha, miezi michache kabla Mungu hajamchukua, akaacha. Akawa anashuka na kugonga geti kwa mkono. Mkewe alipomuuliza kulikoni, alicheka tu, akasema watu nao wapumzike. Wifi yake, waliyekaa naye, hakumung'unya maneno: mwanamume haachi kumwita mkewe bure, lazima mke amemkosea. Mjane alimzika mumewe na swali la alimkosea nini likabaki, likimkatiza hata katikati ya sala. Honi yenyewe hakuthubutu kuigusa.

Siku moja akitoka makaburini teksi ya mumewe ikachemka, ikavutwa hadi kwa fundi umeme, rafiki wa marehemu. Feni ya rejeta, ile inayopoza injini, haikuzunguka. Fundi akaiunganisha moja kwa moja na betri, ikavuma. Fyuzi nzima.

"Basi ni rilei, shemeji. Hiki kidude ndicho kinachoipa feni umeme. Ngoja niazime cha honi, ni pacha wake."

Akakichomeka. Feni kimya. Akakuna kichwa, akaitazama kama mtu aliyenyimwa salamu. Mjane naye hakuelewa: viwili vife pamoja?

Akakiomba kile cha honi, akakigeuza. Ubavuni palikwanguliwa alama ya eksi kwa msumari. Ndivyo mumewe alivyozitia alama betri za tochi zilizokwisha, asije akazirudishia.

"Hiki alijua kimekufa," alisema.

Fundi akakichukua, akaitazama ile eksi. "Basi hiki kilikuwa cha feni. Kilipokufa akaipa feni cha honi, hiki akakiweka pale kuziba nafasi, honi ikanyamaza. Sasa na kile kingine kimemfuata marehemu."

"Mbona hakuniambia?"

"Ungemwacha atoke na teksi isiyo na honi, wewe?"

Asingemwacha afike hata kona ya kwanza.

Fundi akaweka vipya viwili. Getini mjane akapiga honi, mara mbili. Wifi akatoka mbio, mkono kifuani, hajui acheke au alie. Mjane akampa kile kidude chenye alama, akaanza kueleza, akachanganya cha feni na cha honi, akaanza upya.