Miguu Iliyokuja kwa Simu

Kwa miaka ishirini na miwili Yesaya Mbonile hakumuuliza mteja yeyote namba ya kiatu. Alikaa kando ya barabara kuu ya Tunduma, pale malori yanapopanga foleni kusubiri kuvuka mpaka, na mbele yake alilaza kipande cha tairi kilichopasuliwa. Mteja alivua kiatu na kukanyaga. Yesaya alishika chaki, akauzungushia mguu wa kushoto, kisha wa kulia, kwani alisema hajawahi kumwona binadamu mwenye miguu miwili inayolingana. Baada ya saa chache mteja aliondoka na katambuga zilizomkaa kama alizaliwa nazo. Madereva wa malori walimpenda. Walimwachia tairi zilizochakaa, na waliporudi safari nyingine walizikuta zimekuwa viatu.

Alikuwa ameteremka kutoka milima ya Ileje mwaka 1991, wakati biashara ya mpakani ilipoanza kuchangamka na kila kijana akitafuta kitu cha kuuza. Wengine waliuza sukari, wengine vitenge. Yeye alijifunza viatu, akaoa, akajenga chumba baada ya chumba huko Mpemba, na hakuwahi kufikiri kwamba siku moja atakosa miguu ya kupima.

Mwaka 2013 mwenye kiwanja alichokuwa akikaa mbele yake aliamua kujenga maduka. Alimwarifu kwa heshima, miezi miwili kabla. Yesaya akatafuta nafasi nyingine kando ya foleni, akakuta kila hatua ina mwenyewe. Akahamishia kazi nyumbani Mpemba, nyuma ya nyumba, jirani na banda la kuku. Huko hakuna aliyepita isipokuwa wanaokwenda kisimani. Mwezi wa kwanza aliuza jozi tatu, na moja kati ya hizo ilinunuliwa na shemeji yake, ambaye ilionekana wazi kuwa anamhurumia.

"Mvua zikianza hali ikiwa hii, narudi Ileje kulima," alimwambia mkewe Dina mwezi wa nane.

"Nenda, baba Sunday," Dina alijibu huku akichambua maharage. "Ila jembe unalishika kama mtu anayeogopa kuliumiza."

Walicheka wote wawili, lakini Yesaya alikuwa amesema kweli. Shamba la baba yake lilikuwepo na ndugu zake wangempokea. Jambo lililomuuma ni kwamba kule Ileje kila mtu alijua kulima kuliko yeye, na hakuna aliyejua mguu kuliko yeye. Angekuwa mwanafunzi wa darasa la kwanza akiwa na miaka arobaini na sita.

Aliyegeuza mambo ni Happy, binti wa kaka yake, aliyekuwa akiishi nao. Happy alikuwa na simu ya kugusa kioo, na kwa simu hiyo aliuza vitenge kwa watu ambao hajawahi kuonana nao. Jumamosi moja alipanga jozi nne za katambuga juu ya kigoda, akazipiga picha na kuziweka kwenye ukurasa wake wa Facebook. Hadi jioni watu sitini walikuwa wameandika, na zaidi ya nusu waliuliza swali moja.

"Baba mdogo, kuna mtu wa Dodoma anataka jozi mbili. Anauliza una namba arobaini na mbili?"

"Namba ni mambo ya viwandani. Mwambie aje akanyage."

"Yuko Dodoma, baba mdogo."

"Basi tumtumie kipande cha tairi kwa basi, akanyage huko, akirudishe."

"Nauli ya tairi kwenda na kurudi, kisha viatu viende tena. Si bora apande basi mwenyewe?"

"Ndicho nilichosema mwanzo," Yesaya alisema, akaendelea kunoa kisu.

Kesho yake Happy alimwomba yule mteja apige picha ya mguu wake. Picha ilipofika, Yesaya aliivuta karibu, akaisogeza mbali. "Huu mguu ni wa mtoto mchanga au wa tembo? Kwenye simu vyote vinalingana." Alikaa na swali hilo siku nzima. Aliona kwamba picha haikosi kitu isipokuwa jirani, yaani kitu kingine ambacho ukubwa wake unajulikana na ambacho kila mtu anacho. Alifikiria kiberiti, akakiacha, maana viberiti navyo hutofautiana. Mwishowe akaingiza mkono mfukoni na kutoa sarafu ya shilingi mia mbili.

Kuanzia hapo kila mteja aliagizwa kukanyaga karatasi nyeupe, kuweka sarafu ya mia mbili pembeni ya mguu, na kupiga picha simu ikiwa juu kabisa, kama mtu anayechungulia kisima. Yesaya alikata njiti ya kiberiti ilingane na upana wa sarafu kwenye kioo, kisha akaitembeza kutoka kisigino hadi kidole gumba akihesabu. Mguu wa mtu wa Dodoma ulikuwa sarafu kumi na moja kasorobo. Halafu alizipanga sarafu zenyewe kwenye tairi, moja baada ya nyingine, akachora. Viatu vilikwenda kwa basi la Ijumaa. Jumatatu mteja alituma picha nyingine, safari hii miguu ikiwa imevaa.

Watu wengi hudhani biashara ya mtandaoni humbadilisha muuzaji katika kuuza tu. Yesaya ilimbadilisha hata katika kushika kisu. Zamani alitengeneza jozi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu mwenye mguu alikuwa amekaa pale akimsubiri. Sasa hakuna aliyemsubiri mbele yake, kwa hiyo aliweza kukata soli zote Jumatatu, kukata mikanda Jumanne, na kuunganisha siku mbili zilizofuata. Kila mguu aliuchora pia kwenye kipande cha boksi, akaandika jina la mwenyewe, akautundika ukutani, ili mteja akiagiza tena asihitaji picha. Mikono ileile iliyotoa jozi mbili kwa siku ikatoa tano. Dina alilalamika kwamba ukuta wa sebule umejaa miguu ya wanaume asiowafahamu.

Hata hivyo maagizo yalikuja kwa kupanda na kushuka. Wiki moja jozi kumi na tano, wiki inayofuata mbili. Mwezi wa kumi ukaingia, mawingu yakaanza kukusanyika upande wa Ileje, na Yesaya hakuwa ameamua. Ndipo likaja agizo kubwa.

Lilitoka Isoka, ng'ambo ya mpaka. Mama mmoja aliyejulikana kama Bana Mwansa, kiongozi wa kwaya ya kanisa, alikuwa ameziona picha za Happy kwa rafiki yake wa Nakonde. Kwaya yao ilikuwa inatimiza miaka ishirini na tano, na walitaka kuimba siku hiyo wakiwa na katambuga za aina moja, jozi thelathini na nne. Angezifuata mwenyewe Alhamisi, sherehe ni Jumapili.

"Hili likienda vizuri, siendi kulima," Yesaya alimwambia Dina. "Kwaya ina watu, watu wana ndugu. Likiharibika, habari zitatembea vilevile."

Picha ziliingia moja baada ya nyingine, kila mguu na sarafu yake. Yesaya alipima na kustaajabu.

"Mama Sunday, njoo uone. Huyu ana sarafu kumi na mbili. Huyu hapa naye kumi na mbili. Na ni wanawake."

"Wamejaliwa," Dina alisema. "Mwenyezi Mungu hakuwabania."

"Happy, uliwaambia waweke sarafu?"

"Wameweka, baba mdogo. Si hiyo unaiona?"

Ilionekana kweli, mviringo mdogo unaong'aa pembeni ya kila mguu. Kipimo chake kilikuwa hakijamdanganya hata mara moja, naye akakiamini kuliko mshangao wake. Akakata.

Alhamisi asubuhi Bana Mwansa alifika, mwanamke mnene mwenye sauti ya kujaza ua. "Mulishani, ba Yesaya," alisalimu, akaketi, akaletewa jozi yake. Aliingiza miguu, akasimama, akapiga hatua. Kiatu kilibaki nyuma. Akapiga hatua nyingine, kikamfuata kwa kuchelewa, kikilia pwata. Akatazama chini.

"Ba Yesaya, mimi na mwenzangu Bana Chola tutavaa kimoja wawili?"

Happy aliziba mdomo. Yesaya hakucheka. Alipiga magoti, akashika kisigino cha yule mama na kuona tairi ya upana wa vidole vitatu imebaki tupu nyuma yake.

"Mama, ile sarafu uliyoweka kwenye picha, unayo hapa?"

Bana Mwansa alifungua pochi akampa, akisema ni hiyohiyo moja iliyozungushwa kwa kwaya nzima. Yesaya aliiweka juu ya mia mbili yake. Ukingo wa mia mbili ulitokeza pande zote.

Ilikuwa sarafu ya Zambia. Na hapa lazima nimtetee Yesaya, kwa sababu kosa hili lisingefanywa na mgeni. Mgeni angeuliza. Yeye alikuwa ameishi na fedha ya Zambia miaka ishirini na miwili, na miaka yote hiyo aliijua kama noti. Sarafu za kule zilikuwa zimepotea mikononi mwa watu zamani, hadi mwanzoni mwa mwaka uleule, walipobadilisha fedha na kuzirudisha. Kwa mtu wa Tunduma, sarafu ilikuwa ya shilingi, basi. Happy naye aliandika "sarafu" bila kuongeza neno, akidhani vivyo hivyo.

"Jozi zote ziko hivi?" Bana Mwansa aliuliza.

"Zote."

Kuku waliendelea kuparura. Yesaya aliishika ile katambuga kubwa, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Mama, ningekata fupi, ningekuomba radhi na kukuacha uende," alisema taratibu. "Nimekata ndefu. Ndefu inapunguzika. Niachie hiyo sarafu yako na siku mbili."

"Sarafu chukua. Siku mbili nitakaa nazo hapa mimi mwenyewe," Bana Mwansa alisema, akavua kitenge cha juu na kukunja mikono. "Niambie nishike nini."

Kama Yesaya angekuwa bado anafanya kazi kwa mtindo wa barabarani, jozi moja moja, thelathini na nne zisingekwisha. Lakini nyumba ile ilikuwa imeshajifunza kugawana. Yeye alipima upya picha zote kwa sarafu ya Zambia na kuchora. Bana Mwansa aling'oa misumari ya mikanda, akiimba nyimbo za kwaya na kumfundisha Happy sauti ya pili. Happy alipanga kila jozi na jina lake. Yesaya alikata, Dina akapigilia mikanda upya, na ikagundulika kuwa anapiga nyundo vizuri kuliko mumewe. Jioni mgeni alivuka kwenda kulala Nakonde, asubuhi akarudi na mihogo ya kuchoma. Ijumaa saa kumi jioni jozi ya mwisho ilifungwa.

"Natotela, ba Yesaya," alishukuru akipakia mzigo. "Nitawaambia wenzangu kwamba viatu hivi vimetengenezwa mara mbili, kwa hiyo vitadumu mara mbili."

Jumapili usiku picha ya kwaya iliruka kutoka simu hadi simu. Wanawake na wanaume thelathini na wanne walikuwa wamesimama mstari mmoja, kila mmoja ametanguliza mguu wa kulia. Kufikia Jumatano yalikuwa yameingia maagizo ya jozi arobaini na moja, kutoka Ndola, Kasama, Mbeya, na moja kutoka kwa mwanafunzi aliyekuwa akisoma India. Huyo wa mwisho alimpa Yesaya wazo. Happy aliandika tangazo jipya: mteja aweke sarafu yoyote ya nchi yake, ila ataje jina la sarafu hiyo na picha iliyo kila upande wake. Yesaya akaanza kukusanya sarafu za mataifa kwa madereva wa malori na kuzipanga kwenye ubao kwa ukubwa. Wiki hiyohiyo alimchukua Lusubilo, fundi wa jirani aliyekuwa bila kazi, amsaidie kukata.

Mvua ya kwanza ilinyesha katikati ya mwezi wa kumi na moja. Ndugu yake Jonasi alimpigia simu kutoka Ileje kuuliza kama amwachie sehemu ya shamba la baba au apande mahindi yeye.

Yesaya alikuwa ameshika njiti ya kiberiti juu ya kioo cha simu ya Happy, akihesabu mguu wa mtu wa Songea, na alihofia kupoteza hesabu.

"Panda wewe, kaka," alisema. "Panda lote. Nitanunua kwako."