Bata wa Sadie

Friza aliichomoa Odell Crabtree mwenyewe, fundi wa kukausha ndege wa wawindaji wawekwe ukutani, kwa mkono wake. Alitaka umeme wa mashine ya kukaushia nywele, maana bata akishaoshwa sabuni lazima apulizwe unyoya kwa unyoya mpaka atune kama yu hai, na banda lake lilikuwa na tundu moja tu la umeme lililobaki zima. Akapuliza, akamaliza, akafunga banda, akaenda na mkewe harusini Little Rock. Friza akaisahau.

Aliporudi baada ya siku kadhaa na kuinua kifuniko, harufu ndiyo iliyomkaribisha. Wengine wote mle walikuwa bata wake mwenyewe, hao basi. Mmoja alikuwa wa Lamar Vance. Odell alimshika tumboni, manyoya yakabaki kiganjani kama ya kuku aliyemwagiwa maji ya moto.

Lamar alikuwa amemleta baada ya Krismasi, kamvisha soksi ndefu ya mkewe ili manyoya yasivunjike.

"Huyu usije ukanirembea," alimwambia. "Ona hapa kwenye bawa. Sadie kamng'ata. Paache hivyohivyo."

"We Lamar una wazimu? Watu wananibembeleza nifiche meno ya mbwa, wewe unataka yaonekane?"

"Nyamaza wewe. Tangu akiwa mtoto Sadie huniletea bata mdomoni bila kumbana. Huyu kambana kwa sababu barafu ilipasuka, akazama yeye na ndege. Alipoibuka bado anaye mdomoni. Amezeeka, bwana. Huenda huyu ndiye bata wake wa mwisho."

Sasa Odell angefanyaje? Angepiga simu akasema bata wako ameniozea? Alikuwa fundi ambaye kaunti nzima ilimpelekea ndege. Ukiingia nyumba yoyote huko kwenye mashamba ya mpunga, ndege aliyening'inia juu ya televisheni ni kazi yake. Kesho yake akachukua bunduki, akaenda shambani kwa shemeji yake ambako maji yalikuwa yamefunguliwa ili bata watue, akapiga dume mwingine wa kichwa cha kijani. Ukubwa uleule. Wako maelfu, nani atamjua?

Akamchuna, akakwangua mafuta, akamvalisha kwenye kiwiliwili cha povu gumu, akamtia macho ya kioo. Kazi ilikuwa safi. Kisha akachukua koleo, akabana bawa, akavunja manyoya mawili pale pale alipokumbuka. Hapo ndipo moyo ulipomchoma. Maisha yake yote alikuwa anafuta majeraha. Leo anatengeneza la uongo, na analitengeneza vizuri! Yule wa Lamar akamchoma kwenye pipa la takataka huku anaangalia barabarani kama mwizi.

Siku ya kumchukua, Lamar alikuja na Sadie. Mbwa mweusi, mdomo umeota mvi, anashuka garini kwa kubebwa.

"Ee bwana," Lamar akasema, kidole kikipapasa lile bawa. "Umepaacha. Asante, kaka. Wewe ni mtu."

Odell akajifanya anatafuta bisibisi.

Lamar akamweka bata sakafuni. Odell alijua atafanya hivyo, alifanya kila mwaka. Sadie angenusa ndege wake, angetikisa mkia, halafu angelaza kidevu juu ya ubao aliopigiliwa bata. Kambini kwa wawindaji wenzao walishamcheka sana Lamar kwa mchezo huo.

Sadie akanusa mara moja. Akageuka, akaenda kulala mlangoni.

"Sadie, njoo mama. Bata wako huyu!"

Mbwa hakuinua hata sikio.

Lamar akachuchumaa pale. Akasema, "Basi. Nilijua. Wiki nzima anajigonga kwenye viti, nikimwita anaangalia ukuta. Daktari wa mbwa aliniambia nitapata ishara siku yake ikifika. Nilijiambia, asipomtambua huyu, simtesi tena. Ijumaa nampeleka akachomwe sindano ya mwisho, apumzike."

"Ni sabuni," Odell akaropoka. "Sabuni inaondoa harufu. Asingeweza kumjua."

"Mwaka jana hukuosha? Mbona yule alimlalia mpaka nikambeba?"

Mbwa alikuwa anakoroma mlangoni. Mwenye akili zake timamu, anakwenda kufa kwa kosa la kutodanganyika.

"Lamar. Siyo wake."

"Nini siyo wake?"

"Bata. Wako aliharibika, nilichomoa friza. Huyu nimempiga mimi. Bawa nimelivunja kwa koleo."

Lamar alimtazama kama mtu anayesubiri mzaha umalizike. Haukumalizika.

"Wangu yuko wapi?"

"Nilimchoma."

"Nimekushukuru," Lamar akasema polepole. "Nimesimama hapa nakushukuru, na wewe unatafuta bisibisi." Akatoa simu, akampigia daktari, akaifuta miadi ya Ijumaa. Akambeba Sadie kifuani. Bata akamwacha palepale sakafuni.

"Lamar, nakuomba, kambini..."

"Mimi sisemi neno. Utasema wewe. Jumamosi, watu wakiwa mezani."

Jumamosi Odell akaenda. Alikuta gambo, mchuzi mzito wa bata, jikoni, wanaume wameketi, makoti yanakauka kwenye misumari, na ukutani ndege wake pande zote, wanaruka, wanatua, wanajikuna. Lamar alikuwa mwisho wa meza, hakumwangalia. Odell akasimama na bakuli lake, akasema yote, friza, koleo, pipa. Hakujitetea.

Hakuna aliyemtukana. Angefurahi wangemtukana. Kijiko kimoja kilianguka tu.

Purvis Tate, mzee aliyempelekea bata waliyempiga pamoja yeye na marehemu kaka yake, akageuza kiti taratibu akaangalia ukutani.

"Odell," akasema. "Na yule wangu?"

"Yule ni wako, mzee Purvis. Naapa kwa Mungu."

Ilikuwa kweli tupu. Purvis akaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, kama unavyomkubalia mtoto. Lakini hakuacha kumwangalia bata, na mmoja baada ya mwingine, wote mezani wakainua macho, kila mtu kwa ndege wake ukutani.