Swali nililomuuliza Esperansi kuhusu utegemezi

Ndugu zangu, leo nimemshusha daraja mwanafunzi aliyestahili sifa.

Esperansi alikuwa akitetea tasnifu yake ya uhusiano wa kimataifa mbele ya jopo letu.

Alieleza kwa ufasaha. Wanauhalisia huona mataifa yakishindania nguvu. Waliberali huamini kwamba biashara hunufaisha pande zote. Nadharia ya utegemezi huuliza kwa nini magogo ya misitu yetu ya Banalia yanaondoka, halafu tunanunua viti kutoka ng'ambo.

Nikauliza, kama tulivyozoea kwenye majopo yetu: "Ni mwandishi gani wa Ulaya anayekuunga mkono?"

Akatabasamu. "Papa Profesa, niko naandika juu ya utegemezi. Bon, hata hapa tuombe Ulaya ruhusa?"

Ukumbi mzima ukacheka. Mimi sikucheka.

Tulipojifungia kujadili alama, nilisema kwamba marejeo yake hayatoshi. Wenzangu walisita, lakini mwenyekiti ni mimi, wakanifuata. Esperansi akafaulu, lakini akakosa daraja ambalo lingemwezesha kuajiriwa chuoni kama msaidizi wa mhadhiri. Ndiyo kazi aliyoitamani tangu mwaka wa kwanza.

Nje, shangazi zake, wote wamevaa kitenge cha aina moja, walikuwa wakiimba na kummwagia poda ya pongezi kichwani. Mama yake akanishika mikono yote miwili.

"Aksanti sana, Papa Profesa. Umetusomeshea mutoto."

Esperansi alikuwa kando yake, anatazama chini.

Alama ikishatangazwa, kwetu haibadilishwi.

Ninyi mnaoketi kwenye majopo kama langu, mngemjibu nini mama yule?

Mimi nilisema, "Aksanti, mama," nikaenda kutafuta pikipiki.