Kichaka cha Mavyaa

Nakumbuka jinsi shamba letu la Jilore lilivyoondoka asubuhi moja ya masika, kabla chai haijachemka. Nilikuwa jikoni nikipuliza moto. Nilisikia mngurumo kama wa lori linalomwaga kokoto, nikatoka nje, na pale palipokuwa na mahindi ya kunifika kiunoni nikaona mwamba mtupu, umelowa, unang'aa. Mahindi yenyewe yalikuwa chini kabisa, karibu na mto Sabaki. Mengine yalisimama wima ndani ya tope, kama yaliyopandwa huko.

Mwanangu, usije ukailaumu mvua. Shamba lile nililiondoa mimi, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya siku ile, kwa panga na kiberiti.

Ilikuwa miaka ya themanini, nami nilikuwa bibi arusi niliyetoka Rabai. Kwetu Rabai mwanamke hodari alijulikana kwa ardhi iliyo chini ya minazi yake. Ilifyekwa, ikafagiwa, hata nazi ikianguka unaiona ukiwa mlangoni. Majani marefu yalikuwa aibu ya nyumba nzima. Sasa nilipofika Jilore nilikuta shamba la mavyaa, mama mzazi wa mume wangu, limekatizwa katikati ya mteremko na ukanda wa kichaka, kutoka mpaka hadi mpaka. Humo mlikuwa na miti ya msituni, miiba, na mimea ya kutambaa iliyojisokota. Mavyaa aliokota kuni kavu mle, na uyoga wakati wa mvua, lakini jembe halikuingia. Hakuniambia kwa nini, wala sikumuuliza. Nilidhani ni uvivu, Mungu anisamehe.

Mume wangu alikuwa kazini bandarini Mombasa. Mavyaa alipokwenda Ganze kumuuguza dada yake, nilikifyeka kichaka chote, nikakichoma. Aliporudi alisimama ukingoni, mzigo wake bado uko kichwani.

"Umefanya kazi nyingi," alisema.

"Nimekupunguzia nyoka, Mama."

"Nyoka wenyewe nilikwisha wazoea."

Akaingia ndani. Mahindi ya msimu ule yalinenepa kwa majivu, majirani wakanisifu, nami nikavimba kichwa. Masika yaliyofuata ndiyo niliyokusimulia.

Siku ile shamba lilipoondoka nilitandika kanga kitandani na kuanza kupanga nguo zangu. Nilijua nitarudishwa kwetu, na nilitaka kuondoka kabla sijaambiwa. Mavyaa akanikuta nikifunga fundo.

"Wenda wapi?"

"Rabai."

"Rabai kuna udongo wa kuniletea? Kama hakuna, fungua hiyo kanga. Twende tukatazame."

Tuliteremka pamoja, miguu ikizama. Mahali kichaka kilipokuwa, mizizi niliyoiunguza ilining'inia hewani, haina cha kushika. Aliteka tope kwa kiganja akanionyesha. "Huu ndio udongo alioulima baba mkwe wako. Na kile kichaka alikiacha yeye. Maji yakitoka kule juu huja mbio. Yakifika mle yalikuwa yanatembea." Hakuongeza neno la ukali, na hilo ndilo lililonichoma.

Mume wangu alipokuja Krismasi nilijificha nyuma ya nyumba. Nilimsikia mavyaa akimwambia, "Tulifyeka vibaya, mimi na mkeo. Sasa tunapanda." Basi. Nimepewa vitu vingi maishani, sijapewa kingine kama hicho.

Kupanda kwenyewe kulinishinda mwanzoni. Mavyaa alipata mbegu za mivinje, ile miti ya kukatia nguzo za kujengea, kutoka kwa mnyapara wa shamba kubwa la miti upande wa Malindi. Nikaziotesha kwenye pakiti tupu za maziwa ya shuleni. Kwa tabia yangu ya usafi, udongo niliuchekecha kama unga. Miche ikatoka, ikafika urefu wa kidole, ikageuka manjano, ikadumaa. Nilipoona mingine inakufa, niliamka mapema nikaenda kwa yule mnyapara.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kuomba nguzo au kuziiba?"

"Miche yangu imekuwa ya manjano."

"Udongo umeutoa wapi?"

"Kando ya nyumba. Nimeuchekecha mwenyewe, hauna hata jani moja."

Alicheka mpaka akashika mti. "Umeuogesha udongo, halafu wataka ukulelee mvinje? Chukua kikapu. Chota hapo chini ya hii mizee, pamoja na takataka zake."

Vibarua wakanidhihaki, "Mama, kwenu taka zimekwisha?" Nilikijaza kikapu hivyo hivyo. Nyumbani nilitia konzi moja katika kila pakiti, na baada ya wiki chache miche iliyosalia ikawa kijani. Nilipong'oa mmoja nikaona vifundo vidogo kwenye mizizi, ambavyo miche ya kwanza haikuwa navyo. Ndivyo vinavyoulisha mti, mnyapara aliniambia baadaye, na vinatoka katika ule uchafu.

Tulipanda mivinje kwenye mipaka na pembeni. Nilipotaka kuipanda pia pale kilipokuwa kichaka, mavyaa alikataa. "Hii ni ya kuuza. Ikikua utaikata. Hapa paache pajiotee." Tukapaacha. Ilichukua miaka mingi. Nguzo za kwanza ndizo zilizojenga nyumba hii tulimoketi, na zilizofuata zikawasomesha ndugu zako wakubwa. Lakini udongo unaotulisha ulikusanyika nyuma ya kichaka, kidogo kidogo, kila mvua.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu, kwa kuwa sasa jembe ni lako. Ukifika mahali ukakuta kitu ambacho hakikupendezi macho, uliza kwanza aliyekiacha alikiacha kwa nini. Panda miti ya kuuza, ni kazi njema, nasi imetutoa mbali. Lakini bakiza mingine isiyo ya kuuzwa, wala usiifagie chini yake. Na mtu akikosa, hata kosa kubwa, mpe kazi ya kulitengeneza kabla hujamwonyesha njia ya kwao.

Mungu akupe mkono usiochoka na ulimi usioona haya kuuliza. Na siku utakapotaka kukimbia, akukutanishe na mtu wa kukufungulia kanga yako.

Limebaki jambo moja. Kule juu, mahali maji yalipoanzia kukata, bado pana korongo. Kila mwaka kabla ya masika huchomeka kijiti hatua moja kutoka ukingoni, nione kama linakula shamba au limetulia. Mwaka jana kijiti kilisalia. Mwaka huu mvua imepiga kwa nguvu, magoti yangu hayapandi tena mteremko, na hadi leo hakuna aliyekwenda kutazama kama bado kimesimama.